Picha ya kanga watatu na chumba kipya cha bibi Tunduma

Tunduma. Ukitokea Mbeya kwa barabara kuu iendayo Zambia, utajua umeikaribia Tunduma kabla hujauona mji wenyewe. Malori huanza kupanga foleni tangu maeneo ya Mpemba, pale inapochepuka barabara ya kwenda Isongole wilayani Ileje, na siku zenye mzigo mwingi foleni hiyo inageuka kuwa kama kijiji. Madereva wanapika ugali kando ya matairi, wauza chai wanapita na chupa zao, na vijana wa kubadilisha fedha wanapunga mabunda ya kwacha kwenye madirisha ya magari.

Mbele ni mpaka, na ng'ambo yake ni Nakonde. Kwa wenyeji, hasa Wanyamwanga ambao ndugu zao wako nchi zote mbili, kuvuka ni kama kwenda mtaa wa pili kusalimia. Kituo cha pamoja cha forodha kilichofunguliwa Oktoba 2019 kilikusudiwa kufanya gari likaguliwe mara moja badala ya mbili, na treni ya Tazara nayo inapita hapa ikielekea Kapiri Mposhi. Ni mji ambao haulali. Saa nane usiku bado utasikia injini, honi, na utingo wakiitana kwa Kiswahili na Kibemba.

Kwa mfanyabiashara hiyo ni neema. Kwa familia inayoishi na mzee anayeamka usiku na kutaka kwenda kwao, ni jambo jingine kabisa.

Katika nyumba moja ya vyumba vinne mtaa wa Sogea, mama wa watoto watatu anayeuza vitenge sokoni amekuwa akimtunza mama mkwe wake mwenye miaka 79. Mume ni dereva wa masafa marefu, anayeweza kukaa wiki tatu akiwa Lubumbashi au Lusaka. Familia imeomba majina yake yasiandikwe, na sababu ya ombi hilo itaonekana mbele.

Bibi huyu aliishi maisha yake yote karibu na Vwawa wilayani Mbozi, akilima kahawa. Mumewe, aliyekuwa mfanyakazi wa Tazara, alishafariki. Miaka miwili iliyopita majirani wa kijijini walianza kupiga simu. Mara bibi ametia sukari kwenye mboga. Mara amemlipa kibarua mmoja mara mbili na mwingine hakumlipa kabisa. Kisha ikaja simu iliyomfanya mwanawe ageuze gari: bibi amepotea njiani kwenda shamba aliloliendea kwa miguu tangu aolewe. Alikutwa jioni ameketi chini ya mti karibu na njia ya kwenda Ndolezi, kilipo kimondo, akiwaeleza wapita njia kwa ufasaha jinsi watoto wa zamani walivyokuwa wakipanda juu ya jiwe lile. Alichoshindwa kueleza ni asubuhi hiyo alikuwa ametoka wapi.

Wakamleta Tunduma.

Usiku wa tatu

Chumba alichopewa kilikuwa cha wajukuu, futi kumi kwa kumi, kuta zimepakwa rangi ya mafuta ya kijani iliyokoza tangu enzi za mwenye nyumba wa kwanza. Mjukuu wa kiume mwenye miaka minne alibaki naye humo, kitanda chake kidogo pembeni, maana nafasi nyingine haikuwepo.

Mwezi wa kwanza bibi aliamka karibu kila usiku. Anajifunga kanga yake, anachukua mfuko wa nailoni, anatia ndani chochote kilicho karibu, anasema anarudi nyumbani kabla giza halijaingia. Mara mbili mkwe wake alimkuta getini akihangaika na komeo. Mara ya tatu komeo lilikuwa limesahauliwa. Utingo mmoja ndiye aliyemwona barabara kuu, katikati ya malori yaliyoegeshwa, akiwa na shimizi tu, miguu mitupu, mwezi wa sita. Tunduma iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari na baridi ya mwezi wa sita huku si ya kutania. Kijana yule alimvika koti lake na kumshika mkono nyumba hadi nyumba akiuliza huyu ni bibi wa nani.

Kulipokucha habari ilikuwa imefika sokoni kabla ya mkwe mwenyewe, nayo ilikuwa imeshabadilika njiani. Bibi wa nyumba ile anaonekana usiku. Yuko uchi. Anazungumza na watu wasioonekana.

Msomaji anajua sentensi hizo huishia wapi. Wazee katika nchi hii, wanawake hasa, wamepigwa na hata kuuawa kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa kuni na miguu iliyopotea njia. Mama yule anasema kilichomtisha zaidi hakikuwa malori. Ilikuwa salamu ya jirani mmoja asubuhi hiyo, aliyemuuliza kwa upole wa kupita kiasi kama watoto wanalala vizuri.

Si uchawi, wala si uzee peke yake

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 55 duniani wanaishi na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ule ambao kitaalamu huitwa demensia, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo kikubwa zaidi, ukibeba asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Tanzania nayo imepimwa: utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta kuwa kati ya wazee wa miaka 70 na kuendelea, asilimia 6.4 walikuwa na ugonjwa huu. Yaani katika kila wazee 16 wa umri huo, mmoja.

Hakuna dawa ya kuuponya. Lakini kwenda hospitali si kupoteza nauli, kwa sababu si kila mzee anayesahau ana Alzheimer. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, maambukizi ya njia ya mkojo, sonona, na hata dawa nyingine anazomeza kila siku vinaweza kumvuruga akili, na hivyo vinatibika. Macho na masikio pia yapimwe. Mzee mwenye mtoto wa jicho anayeishi chumba chenye giza ataonekana amechanganyikiwa kuliko alivyo.

Bibi wa Sogea alipimwa. Ikabainika ni demensia, na jicho lake la kushoto lina ukungu. Ushauri aliopewa mkwe wake ulikuwa mfupi, na mwanzoni ulimuudhi kidogo kwa sababu hakuandikiwa dawa yoyote: mfanye ajue yuko wapi. Mpe chumba anachokitambua.

Lakini anachokitambua kiko Mbozi, na nyumba ile ilikuwa inapangishwa.

Hawa wa kwetu

Mume aliporudi safari alipitia kijijini kuchukua vitu vya mwisho: mtungi, stuli mbili, redio isiyofanya kazi, na picha iliyokuwa ikining'inia sebuleni kwa baba yake tangu yeye hajazaliwa. Aliifunga kwenye shuka na kuileta kwenye kichwa cha lori, ameilaza juu ya kitanda cha dereva.

Ni picha ya mraba, si kubwa, imechorwa kwa rangi ya mafuta juu ya hadibodi. Kanga watatu, yaani ndege, wamesimama mstari mmoja. Miili yao ni myeusi yenye madoa meupe yaliyowekwa moja moja kwa subira. Mashavu mekundu. Chini yao kuna majani ya njano. Nyuma hakuna chochote, ni bluu ya mbingu asubuhi, tupu kutoka kona hadi kona. Saini imefutika.

Iliegemezwa ukutani kwenye korido ikisubiri kupatiwa mahali. Bibi alikuwa anapita kwenda chooni, ameshikwa mkono. Alisimama. Akaiangalia, akainama, akapitisha kidole kwenye mgongo wa kanga wa kati.

“Hawa wa kwetu,” akasema. “Nani amewaleta?”

“Mwanao, mama.”

“Basi awape maji.”

Aliketi palepale sakafuni hadi chai yake ikapoa. Mkwe wake anasema hakuwa amesikia sentensi tatu zilizofuatana vizuri namna hiyo kutoka kwa bibi kwa muda mrefu.

Marehemu babu aliinunua Dar es Salaam miaka ya mwishoni mwa sabini, siku za mwanzo za reli, akarudi nayo kwa treni. Kwa namna ilivyochorwa ni ya mtindo wa Tingatinga. Watoto wa siku hizi wakisikia neno hilo wanafikiria mtambo wa kuchimbia barabara, na wazazi wengi hawana la kuwarekebisha, hivyo tusimame hapa kidogo.

Edward Said Tingatinga alikuwa mtu wa Tunduru, kusini, aliyezaliwa mwaka 1932. Alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha kama vijana wengine, akafanya vibarua vya kila aina, na kwa kipindi akaajiriwa hospitali ya Muhimbili. Mwaka 1968 hivi ndipo alipoanza kuchora kwa vifaa alivyoweza kumudu: vipande vya mraba vya hadibodi ya kujengea dari, na rangi za kung'aa zilizotumika kupaka baiskeli. Alichora wanyama na ndege, akiweka mmoja au wachache juu ya uwanja wa rangi moja, basi. Picha ziliuzwa kandokando ya maduka ya Oysterbay. Alifundisha ndugu na jamaa zake kazi hiyo. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu anayekimbia, akafa akiwa na miaka kama 40 tu. Alichora kwa miaka minne, na leo mtindo wenye jina lake unafahamika dunia nzima, ingawa picha nyingi zinazouzwa kwa watalii zimejazwa wanyama hadi pembeni na zimeupoteza ule uwanja mtupu wa mwanzo.

Uwanja huo mtupu ndio utakaokuwa na maana katika habari hii. Familia iliugundua baada ya kukosea.

Madoa yaliyogeuka wadudu

Mkwe aliamua chumba chote kifuate picha. Si wazo la ajabu. Wapambaji wa nyumba hushauri hivyohivyo: ukiwa na kitu kimoja unachokipenda, iwe picha, kanga ya mama au mkeka, chukua rangi zake, upate kuta, pazia na shuka bila kubahatisha dukani. Na yeye ni muuza vitenge, macho yake yamezoea kupatanisha rangi. Soko la Tunduma linapokea vitambaa kutoka Zambia na Kongo, kwa hiyo kuchagua hakukuwa shida.

Alichagua madoa. Pazia la kitenge cheusi chenye vidoti vyeupe, foronya hivyohivyo, na kijana mmoja akalipwa kuchora mstari wa vidoti kuzunguka ukuta mzima, usawa wa kiuno. Wajukuu walifurahi. Majirani waliokuja kuangalia walisema kumependeza, na kweli kwa picha za simu kulipendeza.

Bibi hakulala siku nne. Alikuwa anabandua vidoti ukutani kwa kucha. Alipiga pazia kwa kandambili. Usiku alimwamsha mjukuu akimwambia watoke, chumba kimejaa siafu.

Hapa ndipo mama yule alipojifunza jambo ambalo wengi wanaolea wazee hawaambiwi. Ubongo wa mtu mwenye demensia unaweza kuona vizuri na bado ukatafsiri vibaya. Madoadoa na maua madogomadogo yanaweza kuwa wadudu, au kitu kilichodondoka kinachotakiwa kuokotwa. Zulia jeusi katikati ya sakafu nyeupe linaweza kuonekana shimo, na mzee atakataa kulikanyaga au ataruka na kuanguka. Sakafu inayong'aa inaonekana imelowa maji. Kioo kinaweza kumleta chumbani mwanamke mgeni mzee anayemkodolea macho. Kioo cha kabati la bibi kilikuwa kimesababisha ugomvi wiki nzima bila mtu kujua ni kioo.

Pazia likarudi sokoni. Kioo kikafunikwa. Picha ikabaki, kwa sababu kanga wale watatu, pamoja na madoa yao yote, bibi hakuwahi kuwaona kuwa wadudu hata mara moja. Wale aliwajua. Mume ndiye aliyeliona akiwa ameketi kitandani siku moja: kwenye picha madoa yako kwa kanga tu, na kwingine kote ni bluu tupu. Akamwambia mkewe chumba kiwe ile bluu, na kanga wabaki kanga.

Rangi yenyewe

Ilikuwa lazima kufuta vidoti na ile kijani ya zamani. Fundi alikuja na msasa mkavu, tayari kukwangua. Mama alimzuia, na kwa hilo wazazi wengine wamsikilize.

Rangi za mafuta za zamani, hasa zile kali za njano, nyekundu na kijani, nyingi zilitengenezwa kwa kuchanganywa na risasi, madini yale ya betri za magari. Ikikaa ukutani bila kubanduka haina neno kubwa. Ikikwanguliwa inakuwa vumbi, vumbi linatua sakafuni, mtoto anatambaa, anaweka mkono mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto madhara yake ni kwenye ubongo: kujifunza, umakini, tabia, na hayarudi nyuma. Wanaoumia zaidi ni walio chini ya miaka mitano, na katika chumba hiki alilala mtoto wa miaka minne. Kipimo kinachopendekezwa kimataifa ni rangi isizidi sehemu 90 za risasi kwa kila milioni.

Kwa hiyo mjukuu alihamia kwa mama yake na bibi akalala sebuleni kwa siku tano. Vitanda vilitolewa nje. Pale palipokuwa pamebanduka palikwanguliwa kwa msasa uliololowanishwa, vumbi likafutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, si kwa ufagio, na maganda yakafungwa mfukoni. Sehemu iliyoshika imara haikukwanguliwa kabisa. Ilipakwa koti la kwanza la kuzuia, kisha rangi juu yake. Dukani waliuliza rangi ya maji iliyoandikwa kwenye kopo kuwa haina risasi, wakachagua isiyong'aa. Fundi alitaka ndoo ya lita 20. Hesabu ya chumba cha futi kumi kwa kumi ni rahisi: kuta nne zina eneo la kama mita za mraba 33, lita moja inapaka kama mita 10, makoti mawili ni lita saba tu. Galoni mbili za lita nne zilitosha na zikabaki.

Kupata bluu ya picha ndiyo kazi iliyochukua asubuhi nzima. Walibeba picha yenyewe hadi dukani, imefungwa shuka, kwa bajaji. Muuzaji alichanganya, akapaka kwenye kipande cha boksi, wakatoka nacho nje juani, wakakataa. Mara ya tatu ndiyo ikakubaliwa, tena imepunguzwa ukali nusu, maana rangi inayopendeza kwenye picha ndogo inaweza kuchosha ikijaa kuta nne.

Kila rangi na kazi yake

Jicho la mzee si jicho la kijana. Lenzi yake huwa na umanjano kadiri miaka inavyokwenda, na bluu, kijani na kijivu vinaanza kufanana. Ndiyo maana bluu ya ukutani haikutakiwa kufanya kazi yoyote zaidi ya kuwa nyuma, kama kwenye picha. Kazi walipewa wenzake.

Nyekundu ya mashavu ya kanga ikawa shuka na blanketi. Bibi akiingia chumbani kitanda anakiona mara moja. Kabla ya hapo, kitanda chenye shuka jeupe kwenye chumba chenye giza alikuwa akikipapasa. Stuli yake ya Mbozi ikapakwa nyekundu hiyohiyo kwenye kikalio tu. Hata kikombe chake cha uji ni chekundu siku hizi, na uji anaumaliza.

Njano ya majani ikaenda kwenye vitu vya kushika: kitasa, fremu ya mlango kwa ndani, na swichi ya taa iliyozungushiwa mstari wa njano. Nyeusi haikupewa nafasi. Pazia ni jeupe zito lisilo na ua, linafunguliwa lote asubuhi. Mchana mzee akiona jua anapata usingizi bora usiku, na ile hali ya kuhangaika inayomjia kila inapofika saa kumi na moja jioni imepungua kwa kuwa taa huwashwa mapema, kabla vivuli havijaanza kurefuka ukutani.

Kutundika picha kulizua mjadala. Kawaida hutundikwa usawa wa macho ya mtu aliyesimama, lakini bibi huiangalia akiwa ameketi kitandani, kwa hiyo ilishushwa. Ikishushwa mjukuu anaifikia, na kona moja ya rangi yake ya zamani imeanza kupasuka. Rangi ya baiskeli ya miaka ile hakuna ajuaye ndani yake mna nini. Fundi vioo akaiwekea fremu yenye kioo. Kioo kikatupa mwanga wa dirisha, kanga wakapotea. Mwishowe ikawekwa ukuta wa pembeni mwa dirisha badala ya ule unaolitazama, na hapo mwanga ukatulia. Juu yake kuna taa ndogo ya kuchaji ambayo haizimwi usiku, maana umeme nao una ratiba zake.

Hiyo taa huenda ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote na chenye faida kuliko vyote. Bibi akishtuka saa nane, kitu cha kwanza anachokiona ni kanga watatu kwenye mwanga, mahali palepale. Mkwe wake anamsikia kupitia ukuta akiwaongelesha kwa Kinyiha. Siku nyingine anawahesabu. Kisha kimya.

Lori lingali linapita

Si kwamba amepona. Zipo siku anamwita mkwe wake dada, na siku anauliza mumewe atarudi na treni ya saa ngapi. Mwanzoni walimwambia ukweli, kwamba babu alifariki, na kila mara aliupokea kama msiba mpya. Sasa wanamuuliza alikuwa anapenda kula nini akitoka safari, na mazungumzo yanakwenda huko. Komeo la geti limehamishiwa juu, na shingoni bibi ana kitambulisho chenye namba ya simu. Tangu chumba kikamilike ametoka nje usiku mara moja, akaishia kwenye korido.

Kuhusu majirani, mama yule hakuita mkutano. Aliwaalika wanawake wa nyumba tatu za jirani kunywa chai chumbani kwa bibi, mchana, pazia limefunguliwa. Aliwaeleza ugonjwa kwa jina lake. Mmoja wao, akiwa ameshika kikombe, alisema taratibu kwamba mama yake mdogo kule Nakonde naye alianza hivyohivyo, na wao walimfungia chumba cha nyuma hadi alipokufa. Hakuna aliyejibu. Bibi alimwangalia muda mrefu, akamwonyesha picha, akamwambia hao ni wa kwetu, ukiwataka mayai njoo asubuhi.

Yule jirani mwenye salamu za upole hakuja.

Kimebaki kitu kimoja. Mlango wa choo bado ni wa kahawia kama milango mingine yote ya korido, na bibi akiwa peke yake huujaribu wa stoo kwanza. Njano iliyobaki ipo kwenye kopo chini ya kitanda cha mama. Wajukuu wanataka mlango mzima upakwe, mume akapiga simu kutoka Ndola akisema fremu tu inatosha. Fundi amesema atakuja Jumamosi, na mara hii atakuja na msasa wa maji.